Watoto Wawili wa Kemunto

Hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, habari hupita ukutani kabla ya kupita mlangoni, na ikipita ukutani hufika imepinda. Kwa hiyo hii nitaieleza mwenyewe, maana nilikuwapo, na inahusu nyumba ya marehemu mume wangu, wala sitaki wajukuu zake waje kuisikia dukani. Wako wanaosema kwamba wifi yangu Kemunto alivunja harusi ya watu kwa kijicho. Wako wengine, tena wa kanisani kwetu, wanaosema alijitia katika sheria zisizomhusu. Wote wamekosea, na nadhani waliokosea zaidi ni hao wa kanisani.

Kemunto ni dada mdogo wa mume wangu, Mosoti. Alikuja Lamu akiwa mjane mwenye mimba. Mumewe alikuwa askari, akafa gari lilipopinduka barabara ya Garsen. Mosoti, aliyekuwa afisa wa kilimo hapa, alipanda basi kwenda Kisii siku ile ile aliyopata habari, akarudi naye. Alisema dada yake hatazalia kwa watu. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi, na tulikuwa tumepanga sehemu ya chini ya nyumba ya Bi Sundus, mwanamke wa ukoo wa zamani hapa Amu, kama wenyeji wanavyoiita Lamu. Sisi tulikaa chini, yeye juu na binti yake. Ngazi ilikuwa moja na kisima kimoja, lakini katika miaka yote hiyo Bi Sundus hakuwahi kukanyaga chumbani kwetu. Salamu zake zilishuka na mtumishi, na chakula cha Idi vilevile.

Kemunto alijifungua msichana, akamwita Mourine. Mtoto hakufikisha miezi miwili. Homa ilimshika asubuhi, na kufikia alasiri alikuwa amekwisha. Tulimzika Kililana, kwenye shamba dogo alilonunua Mosoti, mwisho wa mistari ya mahindi. Tulivuka maji kwa boti, jeneza mapajani, kwa udogo wake.

Maziwa hayajui msiba. Kemunto alijifunga leso kifuani, akaikaza mpaka akashindwa kuvuta pumzi vizuri, na bado leso ililowa. Wakati huo huo, juu yetu, binti ya Bi Sundus alifariki siku ya kujifungua, akaacha mtoto wa kiume, Barka. Baba yake mtoto alikuwa Omani, na huko ndiko alikobaki. Mtoto alipewa maziwa ya mbuzi akayatapika, akapewa ya kopo akayatapika. Kilio chake tulikisikia kupitia boriti za dari, na Kemunto alikuwa akikaa chini yake, ameinua uso, maziwa yakimtiririka.

Ndipo Bi Sundus aliposhuka ngazi kwa miguu yake, amembeba mtoto.

"Bi Mwalimu," akaniamkia, kisha akamgeukia wifi yangu. "Mwanangu, nimekuya kukuomba. Sina ndia nyingine."

Kemunto alifungua leso akanyoosha mikono. Mtoto alinyonya kama mtu anayegombana, na sisi wanawake watatu tukalia, kila mmoja kwa maiti yake.

Alipokwisha kushiba, Bi Sundus alifuta macho akasema, "Kuna yambo moya tu. Asifundishwe msalaba."

"Ni mtoto wako, Bi Sundus," Kemunto alimjibu. "Mimi nampa maziwa."

Ahadi hiyo aliitunza, na mimi ni shahidi. Barka alikua akishuka na kupanda ngazi ile kama nyumba zote mbili ni zake. Akila kwetu, tulikuwa tukishukuru Mungu kwa njia yetu, naye akisema bismillahi yake, na Kemunto alikuwa akimngoja amalize kabla ya kupakua. Alipoanza chuo cha Kurani, alikuwa akija kumsomea sura alizohifadhi, naye Kemunto akisikiliza huku akishona sare za shule kwa cherehani yake, asielewe hata neno. "Rudia hapo," angemwambia, "sauti yako imetetemeka." Mwezi wa Ramadhani hatukuwasha jiko mchana. Mosoti alinung'unika mwaka wa kwanza, akazoea. Mtoto aliwaita wote wawili mama: juu kuna Mama Sundus, chini kuna Mama Kemunto, na mji mzima ulijua kwamba alinyonya kwetu. Hilo halikufichwa na mtu.

Jambo ambalo mji haukulijua ni la Razan.

Ng'ambo ya kichochoro, mlango kwa mlango nasi, walikaa Bwana Athman, seremala, na mkewe Tima. Barka alipokuwa anaanza kutambaa, Tima alizaa msichana, wakamwita Razan. Tima alikuwa na meza ya nguo karibu na soko, na alasiri alikuwa akimwacha mtoto kwa Kemunto pamoja na chupa ya maziwa. Razan aliikataa chupa. Angeipiga teke, akapinda mgongo, akalia mpaka akageuka rangi. Barka, mlafi tangu utotoni na sasa hatapiki tena, ndiye aliyekuwa akiinyakua ile chupa na kuimaliza. Na Kemunto, aliyekuwa na maziwa ya kutosha, alimweka msichana kifuani akanyamaza. Yalikwenda hivyo alasiri nyingi, mpaka mvua za masika zilipoisha. Mwenyewe nikitoka shule niliwakuta mara kadhaa, mmoja na chupa, mmoja na titi. Tima alikuwa akija jioni, akamkuta mtoto amelala na chupa tupu, akashukuru, akaenda zake.

Kwa nini hakumwambia? Kwa sababu kwetu, kule tulikozaliwa, halikuwa jambo la kusemwa. Jirani akienda mtoni, mtoto wake akilia, aliyepo nyumbani humnyamazisha. Hakuna anayekwenda kumtangazia mama mtu kwamba nilimfuta mwanao kamasi. Kemunto aliliona hivyo, na aliyezaliwa kwetu angeliona hivyo hivyo.

Miaka ikapita. Mosoti alifariki, tukamzika Kililana karibu na mtoto. Bandari mpya ikajengwa, na Barka akapata kazi huko ya kuendesha mashine ya kuinulia makasha. Razan alisomea ualimu wa watoto wadogo. Alikuwa mtu wa mizaha, na aliingia kwetu bila kubisha. "Mama Kemunto, leo umepika nini ambacho mamangu hakupika?" Alikuwa akimwambia hivyo kila siku, na kila siku alipata kitu.

Barka na Razan walipoanza kupendana, wa kwanza kutambua alikuwa Kemunto. Posa ilipopelekwa na Athman akaikubali, wifi yangu alicheka peke yake jikoni. Alisema Mungu amemrudishia kwa mikono miwili. Alianza kushona mapazia ya chumba chao, na hakutaka mtu amsaidie.

Siku chache kabla ya nikaha, wanawake walikusanyika juu kwa Bi Sundus kuchagua mchele wa harusi. Tulialikwa, tukapanda. Tulikaa mikekani, kila mmoja na ungo wake, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyekuwapo, midomo ilikuwa wazi.

"Mwalimu," Bi Sundus akaniambia, uzee umemlegeza na furaha imemlegeza zaidi, "waona? Kama Mourine wenu angekuwa hai, huyu Barka angemtamani bure. Asingempata."

"Kwa nini asimpate?" Kemunto aliuliza akitabasamu. "Kwa sababu ya dini?"

"Dini watu huingia. Hili haliingiwi. Si wangekuwa wamenyonya titi moya? Walionyonya titi moya ni ndugu, kama wa tumbo moya. Hawaoani mpaka kiyama."

"Hata kama si wa damu moja?"

"Maziwa ni damu, mwanangu. Umekaa Amu miaka yote hii, hulijui hili?"

Mama mmoja nyuma yetu akadakia, "Ndiyo maana mimi wangu sikumpa mtu hata kumbeba! Nilitaka aachiwe wa kuchagua."

"Na bado hajapata!" mwingine akamjibu, na wote wakaangua kicheko.

Mkono wa Kemunto ulikuwa ndani ya ungo, nao haukutoka. Nilimwona anautazama mchele kana kwamba amesahau jina lake. Baadaye kidogo aliomba ruhusa, akasema kichwa kinamuuma, akashuka. Nami nikashuka nyuma yake.

Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, mshono wa pazia umekatikia katikati.

"Mwalimu," akasema, maana hajawahi kuniita kwa jina lingine, "Razan amenyonya kwangu."

"Najua," nikamwambia.

"Basi wao ni ndugu."

Nilifunga mlango. Nilimweleza yale ambayo mtu yeyote mwenye akili angemweleza. Nilimwambia kwamba hakuna aliyejua ila sisi wawili. Kwamba sheria hiyo si yetu, na kwetu hakuna dhambi hapo. Kwamba akisema, tutaitwa watu wa kijicho, yeye na sisi sote, na jina la kaka yake litaburutwa kichochoroni. Sikumwambia ili anyamaze. Nilimwambia ili ajue bei ya anachokishika.

"Kwetu si dhambi," akakubali. "Lakini watakaolala katika ndoa hiyo ni wao, si mimi. Barka anamwogopa Mungu tangu ana meno mawili. Nimfumbe macho nimpitishe?"

"Hatajua kamwe."

"Mimi nitajua. Na Mungu atajua." Alilikunja pazia taratibu. "Bi Sundus aliniomba nisimfundishe mtoto mambo yetu. Nikamwahidi. Sasa nikisema sheria yao si kitu, nikaamua kwa niaba yao, si ndiyo nitakuwa nimemfundisha? Tena kwa kificho."

Nilimwambia avae gauni lake la kanisani na afunge kilemba vizuri, na kwamba hatakwenda peke yake, kwa sababu nyumba ya Mosoti haipeleki neno zito kupitia mlango wa nyuma.

Tulivuka kichochoro tukabisha hodi kwa Tima. Alitukaribisha kwa kelele za furaha, mikono imejaa unga wa mahamri, akataka kutuonyesha kanga alizonunua. Kemunto alimwomba aketi. Akamwambia yote, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba.

Mwanzo Tima hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulimnyonyesha mwanangu bila kunambia?"

"Alikuwa akilia, Tima."

"Akilia! Watoto wote hulia! Mungu aliwaumba walie!" Alisimama, unga ukamwagika. "Na ile chupa? Chupa ilikuwa ikirudi tupu!"

"Barka ndiye aliyekuwa akiinywa."

Tima alicheka kicheko kibaya, kifupi. "Yaani hata maziwa ya mwanangu alikunywa yeye. Ya Rabi." Akaketi tena, akajifunika uso kwa kanga, na kutoka ndani ya kanga akasema, "Ungenyamaza. Wallahi, Kemunto, ungenyamaza tu. Dhambi ya asiyejua haiandikwi."

"Wewe sasa unajua," Kemunto akamwambia kwa upole.

"Kwa sababu umenambia!"

Siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, tuliitwa juu. Alikuwapo Maalim Hamdu, ami yake Athman, yaani baba yake mdogo, ambaye watu humwendea kwa mambo ya dini. Bi Sundus aliegemea mto, hakututazama. Athman na Tima walikaa upande mmoja. Barka alisimama dirishani. Razan alikuwa pembeni mwa mamake, amejitanda mpaka kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa kwa Kemunto tangu alipoingia.

Maalim Hamdu alimwuliza Kemunto kwa adabu, bila kumkatiza. Mtoto alikuwa na umri gani. Alinyonya mpaka akashiba, au alionja tu. Ilikuwa mara moja, mbili, au zaidi. Akaniuliza na mimi, nikasema niliyoyaona. Kisha akazungusha tasbihi.

Athman ndiye aliyeongea. "Ami, hawa ni wanawake wawili, tena si Waislamu. Ndoa yavunjwa kwa neno lao?"

"Kwa neno lao peke yake, mimi siwezi kumlazimisha mtu," Maalim akajibu. "Ushahidi haujatimia. Lakini kuna kulazimishwa na kuna kuogopa. Neno likishasemwa, mwenye hofu ya Mungu huliogopa. Nami mama huyu nimemjua miaka mingi, na sijapata kusikia uongo wake."

"Basi kuna shaka," Athman akasema haraka, kama aliyeona mlango umeachwa wazi. Akamgeukia wifi yangu, na sauti yake ikawa laini, sauti ya mtu anayebembeleza. "Kemunto, dadangu. Ni miaka mingi. Mtu husahau. Pengine wakati ule maziwa yalikuwa yamekwisha. Pengine ulimpa titi kavu, la kumnyamazisha tu. Watu hufanya hivyo. Sivyo, Maalim? Titi kavu si kitu."

"Titi kavu si kitu," Maalim alikubali polepole.

Basi chumba kizima kikamgeukia Kemunto. Nilimwona Tima ameshika mkono wa mwanawe. Nilimwona Bi Sundus ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Barka aligeuka dirishani. Kila mtu mle ndani alikuwa akimwomba neno moja, na hilo neno halikuwa hata uongo kamili, lilikuwa "pengine" tu. Razan alifungua midomo bila sauti: Mama.

Kemunto alimtazama yeye, akajibu kana kwamba ni yeye aliyeuliza.

"Halikuwa kavu, mwanangu. Ulikuwa ukinishika kidole hiki, na maziwa yakikutoka pembeni mwa mdomo. Nilikuwa nikikufuta kwa leso."

Tima alipiga ukelele, wa msiba kabisa. Barka alitoka, na tukasikia miguu yake kwenye ngazi, kisha kichochoroni, mpaka ikapotea.

Mchele uliochaguliwa ulipelekwa kwa mafakiri. Barka alihamia Kililana, kwenye chumba karibu na bandari. Razan alirudi shuleni kwake kufundisha, na akipita mlangoni kwetu alijivuta buibui akaharakisha. Tima alisimama kichochoroni siku moja, akijua tumo ndani, akasema kwa sauti, "Kuna wanaonyonyesha kwa wema, na kuna wanaonyonyesha kwa kutega!" Nilitaka kutoka nimjibu, kwa maana sijazoea kutukanwa nikanyamaza. Kemunto alinishika kiwiko. "Mwache. Mtoto wake hali chakula."

Kanisani, katika kikundi cha akina mama, mmoja alimwambia mbele za wote, "Ungewaachia Waislamu mambo yao." Kemunto aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama nikasema kwamba mambo yao ndiyo hayo hasa aliyowaachia: hofu yao ya Mungu, nzima, bila kuigusa, na kwamba anayedhani amri ya kutosema uongo inatuhusu tukiwa na Wakristo wenzetu tu, airudie katekisimu. Hawakupenda, lakini hawakurudia tena.

Tunapenda kuhubiri kwamba kweli humfungua mtu. Sikumwona Kemunto akifunguliwa. Nilimwona amepungua, mabega yametoka kwenye gauni. Alikuwa bado akifagia kizingiti chetu na cha Tima, kama alivyofagia siku zote, kabla wenyewe hawajaamka. Jioni moja aliacha kisu katikati ya vitunguu akaniambia, "Mourine nilimzika mara moja. Hawa nawazika kila wakipita." Nilichukua kisu nikamalizia vitunguu. Tangu hapo nikiomba, naomba nipewe moyo ambao hauogopi kupoteza watu kwa sababu unawapenda. Sijui kama ninauomba kwa dhati. Ni moyo wa gharama.

Mwaka uliofuata, Razan aliposwa na kijana wa Pate, Jeilani, mwalimu kama yeye, mtu mpole. Alikubali. Nikaha ilifungwa hapa, na Jeilani akarudi kisiwani kwao kutayarisha nyumba. Ikabaki bibi arusi apelekwe na watu wake, ambao kwa kawaida ni babake au nduguze. Lakini Athman alikuwa amepatwa na ugonjwa wa miguu, hawezi kupanda boti. Na Razan hakuwa na ndugu.

Siku hiyo Tima alibisha mlangoni kwetu. Hakuwa amebisha tangu harusi ivunjike. Alisimama nje, hakutaka kiti.

"Razan amesema atapelekwa na nduguye," akasema.

"Nduguye yupi?" nikamwuliza.

Alinitazama muda mrefu. "Wa ziwa. Aliyenyonya naye," akasema. Kisha akamtazama Kemunto aliyekuwa nyuma yangu. "Na amesema mamake wa ziwa naye aende. Mimi nitabaki na mgonjwa wangu." Akavuta kanga, akageuka, akarudi kwake.

Asubuhi ya safari tulikwenda kwa Tima, Kemunto na mimi. Sebuleni kulikuwa na wanawake tu, na Razan alikuwa amepambwa: hina mpaka viwikoni, nywele zimesukwa, asumini shingoni, kichwa wazi. Barka alibisha hodi mlangoni.

Wanawake wote walinyoosha mikono kutafuta mitandio yao. Razan naye alikuwa na mtandio mapajani. Tulimtazama. Dada hajifuniki mbele ya nduguye, na mchumba wa zamani hujifunika zaidi ya wote. Mkono wake ulifika kwenye mtandio, ukatulia juu yake, ukabaki hapo.

"Karibu, kaka," akasema, kichwa wazi.

Barka aliinua macho mara moja, akaona nywele ambazo hakuwahi kuziona, akayateremsha sakafuni. "Boti iko tayari," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Kemunto alilia bila sauti, ameegemea mlango, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kwenye boti Kemunto alikaa kati yao, akiwa amevaa boya la rangi ya machungwa lililomzidi. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na mawimbi yalipiga pembeni tukalowa. Nahodha, akijaribu kuchangamsha abiria, alipaza sauti, "Bi arusi asilie jamani, chumvi ya bahari yatutosha!" Watu walicheka. Razan alicheka pia, akamwinamia Kemunto, akalaza kichwa begani pake, na hakukiinua mpaka Mtangawanda, gati la Pate.

Gatini walikuwapo wanawake wa Pate na vigelegele. Mama mkwe alimkumbatia bibi arusi, kisha akatutazama sisi wageni wa bara, na macho yake yakamshukia Kemunto, kilemba chake na msalaba mdogo shingoni.

"Na huyu ni nani, mwanangu?"

"Ni mama yangu," Razan alijibu. "Na huyu ndugu yangu."

Aliyasema kwa uwazi, bila kutetemeka, na sidhani kama kuna siku atasema neno zito kuliko hilo la pili. Barka alimkabidhi Jeilani mkoba wa Razan, akampa mkono, akamwambia amtunze. Yote aliyofanya aliyafanya vizuri, na mtu asiyejua angesema ni kaka mwenye haya.

Tulirudi kwa boti ile ile. Abiria walikuwa wachache. Barka alikaa karibu na Kemunto, na mimi kwenye ubao wa nyuma yao, kwa hiyo nilisikia, ingawa walidhani injini inawaficha.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Siku ile Ami Athman alipokuuliza kama lilikuwa kavu." Alikuwa akitazama mikoko inavyopita. "Ungesema ndiyo."

"Ungeniamini?"

"Ningekuamini mpaka nife."

"Ndiyo maana sikuweza," Kemunto akasema.

Barka aligeuza uso upande wa maji, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa mtu mzima, mbele za watu, na kumkumbatia kungemwaibisha. Kemunto alishusha mkono, akashika pindo la shati lake chini ya ubao, mahali ambapo abiria hawakuona, akalishikilia hivyo mpaka tulipofika.